Shajara ya Kufufua Vyombo Vilivyoungua: Kutoka Sufuria la Pilau hadi Chuma cha Vitumbua

Jumamosi asubuhi: kuvitambua vyombo

Mradi huu unahusu vyombo vilivyorudi kutoka kwenye shughuli ya harusi hapa nyumbani Tanga, pamoja na vile vilivyokaa stoo kwa muda mrefu kwa sababu hakuna aliyetaka kuvipikia wala aliyekuwa tayari kuvitupa. Vilivyopangwa kibarazani ni sufuria kubwa la alumini la pilau, ambalo ukoko wake umegeuka makaa na kwa nje limevaa masizi ya kuni, sufuria dogo la alumini la kuchemshia maziwa, sufuria zito la stenlesi ambalo maharage yaliungulia ndani, chuma cha vitumbua chenye kutu na magamba meusi, chungu cha mchuzi wa samaki, birika, na kikaango cha nonstiki kilichoanza kubambuka. Lipo pia sufuria la shaba la marehemu bibi, lakini hilo nimelitenga kwa sababu nitakayoieleza litakapofikiwa.

Kazi ya leo haikuwa kusugua bali kutambua kila chombo kimetengenezwa kwa kitu gani, kwa kuwa dawa inayong'oa ukoko kwenye chuma inaweza kuila alumini, na asidi inayoing'arisha alumini huivua shaba na kuliharibu tabaka la mafuta kwenye chuma cha kukaangia. Kipimo changu cha kwanza ni sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu. Chuma cha kusubu huing'ang'ania, alumini haiishiki kabisa, na stenlesi ya kawaida ya jikoni, ile yenye kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8, ama haiishiki au huishika kwa udhaifu mno. Alumini na stenlesi zikifanana kwa macho hutofautiana kwa uzito, kwani sentimita moja ya ujazo ya alumini ina uzito wa gramu 2.7 na ya stenlesi inakaribia gramu 8.

Kipimo hiki kilikuwa na maana kubwa zaidi kwa chuma cha vitumbua, kwa sababu sokoni vipo vya chuma halisi na vipo vya alumini, na vyote vikishaungua huwa na weusi uleule. Chetu kimeinasa sumaku kwa nguvu, kwa hiyo ni chuma cha kusubu na kitashughulikiwa hivyo.

Jumamosi jioni: jaribio la magadi juu ya mfuniko

Majirani wawili wamenishauri nichemshe magadi ndani ya kila chombo, na ushauri huo una msingi. Magadi yanayouzwa kwa vipande sokoni, yale ya kulainishia maharage, ni chumvi za kaboneti na bikaboneti za sodiamu zinazochimbwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Magadi upande wa Kenya. Maji yake yana ualkali wa kutosha kuyageuza mafuta yaliyoganda kuwa sabuni na kuilegeza wanga iliyokauka. Kaboni yenyewe, yaani ule weusi tunaouona, haiyeyuki kwenye magadi wala kwenye siki. Kinachotokea ni kwamba vile vinavyoishikilia kaboni kwenye chombo hulegea, nayo ikabanduka vipande vipande. Ndiyo maana kuloweka kwa muda mrefu hufanya kazi kubwa kuliko nguvu za mkono.

Kabla ya kuyaamini kwenye sufuria la pilau, niliyachemsha magadi nikayamimina, yakiwa bado ya moto, kwenye mfuniko mkuukuu wa alumini usio na sufuria lake. Baada ya muda mfupi vilitokea viputo vidogo vidogo pande zote, na mfuniko ukageuka rangi ya majivu yenye weusi. Viputo hivyo ni haidrojeni, inayotoka wakati alkali inapolivunja tabaka jembamba la oksidi linaloilinda alumini na kuanza kuila metali yenyewe. Kostiki soda, ambayo wengine huitumia kuzibulia mabomba, hufanya jambo hilo kwa ukali mara nyingi zaidi, na huunguza ngozi na macho. Katika nyumba yenye watoto sikuona haja ya kuiingiza jikoni hata kwa ajili ya chuma, ambacho haikidhuru.

Uamuzi uliofuata ni huu: magadi na soda ya kuokea keki ni kwa stenlesi na chuma tu, ndimu, siki na ukwaju ni kwa alumini na kwa ukoga wa birika.

Watu wengi huchanganya siki na soda pamoja wakifurahia povu linalochemka, na sikuona sababu ya kuwaiga. Povu hilo ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoka wakati asidi na alkali zinauana, na kinachobaki sufuriani ni maji yenye chumvi hafifu yasiyo na nguvu ya ile asidi wala ya ile alkali. Kila kimoja kitumiwe peke yake, kwa zamu yake.

Jumapili: sufuria la pilau

Hiki ndicho chombo kilichochukua muda mwingi, na ndicho nilichotaka kukiokoa kuliko vyote, kwa kuwa sufuria la kulisha watu wengi ni la ukoo mzima na huazimwa kila penye shughuli.

Jambo la kwanza nililolifanya ni kuliacha juani likiwa kavu tangu asubuhi, kinyume na desturi ya kulijaza maji mara moja. Ukoko mnene ukikauka barabara husinyaa na kupasuka, na ilipofika alasiri vipande vikubwa vya makaa ya wali vilikuwa vimeinuka kingo, nikavibandua kwa mwiko wa mti bila kuligusa sufuria kwa chuma. Shangazi, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, alinionya mara moja tu, “Mwanangu, kisu weka mbali, sufuria likichimbika kila ukipika litaungulia palepale.” Hilo ni kweli, maana kila mkwaruzo mrefu unakuwa mahali pa chakula kujishikiza.

Yaliyobaki yalikuwa tabaka jembamba lililong'ang'ania katikati, pale moto wa kuni ulipokuwa mkali zaidi. Hapo nilitia maji ya kulifunika tabaka hilo, nikaongeza ukwaju uliofikichwa, takriban gramu 100 kwa kila lita, pamoja na maganda ya ndimu yaliyokuwa yamekwisha kukamuliwa. Niliyachemsha kwa moto mdogo kwa dakika 30 na kuyaacha yapoe humohumo. Maji yaligeuka kahawia, na alumini iliyo juu ya ukoko, ambayo ilikuwa imefifia kwa miaka ya kuchemshiwa maji ya kisima, ikang'aa kwanza kabla ya ukoko wenyewe kulegea. Nilikwangua tena kwa mwiko, kisha nikasugua kwa kumbi la nazi na sabuni ya mche. Dodoki nililijaribu lakini ni laini mno kwa kazi hii. Linafaa kwa vyombo vya kila siku.

Stili waya niliitumia mahali pamoja tu, kwenye duara dogo la katikati lililokataa kila kitu, na niliisugua kwa kufuata mzunguko wa sufuria ili mikwaruzo isikatane. Alama nyepesi ya kivuli imebaki hapo. Ukipitisha kidole huisikii, hivyo sitaendelea kuisumbua.

Kwa nje, masizi ya kuni yalitoka kwa majivu yaliyochekechwa, maji kidogo na kumbi, kazi ambayo kila aliyelelewa pwani ameifanya akiwa mtoto. Majivu ya kuni yana alkali yake, kwa hiyo niliyasuuza upesi badala ya kuyaacha yakae juu ya alumini. Sikusugua hadi kitako kikawa kama kipya. Masizi yaliyokwisha kushika barabara hayaingii kwenye chakula, na saa mbili za kuyaondoa hurudishwa na kuni za pilau moja. Chenye faida zaidi ni kulipaka sufuria majivu yaliyovurugwa kwa maji, au sabuni, upande wa nje kabla ya kuliteleka kwenye mafiga, ili masizi yashike pale na yatoke pamoja na upako wakati wa kuosha. Wapishi wa shughuli wanalijua hili ila hawalifanyi wasipokumbushwa.

Neno moja kuhusu asidi na masufuria haya. Alumini iliyotoka kusafishwa kwa ukwaju imevuliwa ukoga wake wote, kwa hiyo nimechemsha maji matupu ndani ya sufuria na kuyamwaga kabla ya kulipikia, ili tabaka la oksidi linaloilinda lijijenge upya. Aidha, masufuria yanayosubiwa mitaani kutokana na vyuma chakavu huweza kuwa na risasi. Uchunguzi wa masufuria ya aina hiyo kutoka Kameruni, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta risasi ikitoka na kuingia kwenye asidi iliyochemshwa ndani yake. Sufuria letu ni la kiwandani na limefyatuliwa kwa bati la alumini lenye unene sawasawa, lakini lingekuwa la kusubiwa, nisingelichemshia ukwaju hata kwa kulisafisha, wala nisingepikia ndani yake mchuzi wa nyanya.

Jumatatu: maziwa na maharage

Sufuria la maziwa lilitaka muda mfupi. Maziwa huungua kwa sababu protini zake hutua kwenye kitako na sukari yake hugeuka kahawia kisha nyeusi, na tabaka lake huwa jembamba lakini lenye kunata kama gundi. Nililiweka maji ya uvuguvugu na sabuni usiku kucha, na asubuhi nikalichemshia maganda ya ndimu. Liliachia kwa mkupuo mmoja, likabanduka kama karatasi.

Stenlesi ni habari nyingine, na hapa ndipo soda ilipopata nafasi yake. Kwa lita moja ya maji nilitia vijiko 3 vya chakula vya soda ya kuokea na kuyachemsha kwa dakika 20. Soda hii ikipata moto wa maji yanayochemka hupoteza kaboni dioksidi na kugeuka kaboneti, ambayo ni alkali kali zaidi, na hiyo ndiyo sababu kuichemsha hushinda kuipaka ikiwa baridi. Maharage yalianza kuelea yenyewe kabla sijaepua. Yaliyosalia niliyapaka uji mzito wa soda na maji kidogo, nikauacha hadi jioni.

Baada ya ukoko kutoka, kitako kilionyesha rangi za upinde wa mvua, buluu na dhahabu. Huo si uchafu. Moto mkali hulinenepesha tabaka la oksidi ya kromi linaloilinda stenlesi, na mwanga unaorudi kutoka kwenye tabaka hilo hutupa rangi kulingana na unene wake. Siki kidogo iliyopanguswa kwa kitambaa iliziondoa mara moja, ingawa hata zingeachwa zisingeleta madhara.

Kuna mtu wa nyumbani aliyependekeza jiki kwa ajili ya madoa ya pembeni. Nilikataa kwa sababu mbili. Klorini huichimba stenlesi vijitundu vidogo visivyozibika, na jiki ikikutana na siki iliyokuwa imetumika muda mfupi uliopita hutoa gesi ya klorini, ambayo haifai kuvutwa hata kidogo. Chumvi nayo, ikitiwa kwenye maji baridi ndani ya stenlesi na kuachwa ikae chini, huacha vijitundu vya aina hiyohiyo. Itiwe maji yakishachemka.

Jumatano: birika, chungu na kikaango

Birika halikuwa limeungua hasa. Lilikuwa na ukoga mweupe mgumu wa chokaa kutokana na maji ya kisima, na juu ya ukoga huo rangi ya chai. Ndimu na maji ya moto vilimaliza kazi.

Chungu kilihitaji subira. Udongo uliochomwa una vinyweleo, na sabuni ikiingia humo hutoka polepole ndani ya mchuzi wa siku zinazofuata, kwa hiyo sabuni haikutumika kabisa. Nilikijaza maji, nikakiteleka juu ya makaa yaliyofifia na kuuongeza moto kidogo kidogo, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla ya joto ndiyo yanayopasua vyungu. Ukoko wa samaki ulilainika, nikausugua kwa chumvi ya mawe na kumbi. Harufu iliyobaki niliitoa kwa kukifunika kinyumenyume juu ya makaa hayohayo kikiwa kimekwisha kukauka juani. Baadaye nilikipikia uji mwepesi wa mchele nikaumwaga, ili wanga izibe vinyweleo upya.

Kikaango cha nonstiki hakitafufuliwa. Ngozi yake ni plastiki iitwayo PTFE, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na huanza kuharibika inapozidi takriban nyuzi 260, joto ambalo kikaango kitupu juu ya jiko la gesi hulifikia kwa dakika chache. Vipande vinavyobambuka vikimezwa hupita tumboni bila kubadilika. Hatari iko kwenye moshi wa ngozi iliyounguzwa sana, ambao humletea mtu homa na huua ndege wa kufugwa walio karibu. Hakuna namna ya kuirudisha ngozi hiyo nyumbani, na kuisugua ni kuimaliza. Nimekitoa jikoni na kukifanya sahani ya kuwanyweshea kuku maji.

Jumamosi: chuma cha vitumbua

Hiki nilikiachia siku nzima. Chuma cha vitumbua kizuri kina ngozi nyeusi, laini na inayong'aa kidogo, ambayo si masizi wala ukoko, bali ni mafuta yaliyopashwa moto hadi yakashikana na kuwa tabaka gumu linalokizuia chakula kisigande na kutu isiingie. Chetu kilikuwa na ngozi hiyo katika vishimo vichache tu. Kwingine kulikuwa na magamba ya sukari na unga wa mchele ulioungua, na kwingine kutu nyekundu.

Asubuhi nilikichemsha ndani ya karai la chuma lililojaa maji ya magadi, wala sikusikitikia ngozi ya zamani iliyokuwa ikitoka, kwa sababu tabaka jipya likijengwa juu ya magamba hubanduka pamoja nayo. Kila kishimo nilikisugua kwa stili waya iliyoviringwa kwenye kijiti. Hapa hakuna haja ya kuogopa mikwaruzo, kwani chuma cha kusubu kina uso wa chembechembe tangu kitoke kiwandani, na mikwaruzo midogo huyasaidia mafuta kushika. Kutu iliyobaki niliitoa kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nikikitazama kila baada ya muda, maana siki ikimaliza kutu huanza kukila chuma chenyewe. Kikasuuzwa kwa maji yenye magadi kidogo ili asidi iishe, kisha maji safi, na papo hapo kikawekwa jikoni kikauke. Chuma kilichovuliwa hivi hupata kutu mpya kikiachwa na maji hata kwa dakika chache, hasa kwa unyevu wa hewa ya hapa pwani.

Suala la mafuta lilileta mjadala nyumbani. Desturi ni kutumia mafuta ya nazi, na ladha yake kwenye vitumbua haina mpinzani, ila kwa kujenga ngozi hayafai sana, kwa kuwa ni mafuta yasiyoshikana kwa urahisi yanapopashwa moto. Ya alizeti hushikana na kukauka vizuri zaidi, na ndiyo niliyoyatumia. Nilikipaka chuma kikiwa na uvuguvugu, ndani ya vishimo na kwenye kingo, kisha nikakipangusa kwa kitambaa kikavu mpaka kikaonekana hakina mafuta kabisa. Hatua hii ndiyo inayoamua matokeo yote. Mafuta yakiachwa mengi hutuama chini ya kishimo na kuganda kama lami inayonata, isiyofaa kupikia wala kusugulika.

Kikakaa juu ya jiko la mkaa kikitoa moshi, nje ya nyumba, hadi moshi ulipokoma wenyewe, ndipo nikakiacha kipoe na kurudia upakaji. Baada ya upako wa kwanza kilikuwa cha kahawia, na kila upako ulikisogeza kwenye weusi. Mkaa una tabu yake katika kazi hii, kwani vishimo vya katikati hupata joto kabla ya vile vya pembeni, kwa hiyo nilikuwa nikikizungusha na kuyatandaza makaa pembezoni. Anayepata tanuri la kuokea mikate atapata weusi ulio sawa pande zote bila jasho hili.

Jumapili: kupikia, na yaliyosalia

Leo shangazi amekijaribu chuma kwa unga wa vitumbua aliouvundika tangu jana. Alitia mafuta ya nazi ya kutosha na kusubiri yapate moto kabla ya kumimina, maana chuma chochote, kiwe na ngozi au kisiwe nayo, hushika unga ukiingia kikiwa baridi. Vitumbua vya katikati viligeuka kwa kijiti kimoja bila kuacha kitu. Vya pembeni vilikwama kingo, jambo linaloendana na nilichokiona jana kuhusu joto la makaa. Vishimo hivyo vitapakwa mafuta ya alizeti peke yake baada ya kila mapishi, na chuma hakitaoshwa kwa sabuni bali kwa maji ya moto na kitambaa.

Sufuria la pilau limerudi kwenye zamu ya kuazimwa, nalo limefungiwa kikopo cha majivu kwenye mkono wake.

Sasa lile la shaba. Ndani limetiwa bati, ile metali laini nyeupe na si bati la kuezekea, na bati hili huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, kwa hiyo sufuria lililoachwa motoni likiwa kavu halina ukoko peke yake. Bati lake limekimbilia upande mmoja likaganda kwa matone, na shaba nyekundu inaonekana katikati. Nikilisugua litazidi kuvuliwa, na ndimu au ukwaju juu ya shaba iliyo wazi huitoa shaba hiyo na kuiingiza kwenye chakula. Nimelilowesha kwa maji na sabuni tu, nikatoa ukoko uliokubali kutoka kwa kidole. Litakwenda kwa fundi wa kutia bati, na hadi hapo limewekwa juu ya kabati, midomo chini, ili asipatikane wa kulipikia mbaazi kwa haraka.